Mbolea ya ruzuku Kasulu: bei safi, huduma ya wakala bado, udongo hakuna anayeuulizia

Naona wengi wanaulizia kama mbolea ya ruzuku huku kwetu Kasulu mkoani Kigoma inafaa kuhangaikia, mimi nalima mahindi na maharage upande wa Makere basi ngoja niseme nilivyoiona.

Kwenye bei sina neno. Tunakumbuka wote 2021 kuja 2022 mfuko wa kilo 50 ulivyopaa mpaka ukapita laki na ishirini, vita ya Urusi na Ukraine ikaja kuchochea zaidi maana Urusi ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa mbolea duniani na urea yenyewe kwa sehemu kubwa inatengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo wakipigana kule mkulima wa Makere ndo anakosa mbolea. Watu walipanda hivi hivi bila hata punje ya DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi, na mavuno kila mtu aliyaona. Ruzuku ilipokuja msimu wa 2022/23 DAP na urea zikashuka mpaka elfu 70. Hapo aisee walitusaidia kweli, wapewe haki yao.

Sasa huduma yenyewe. Mfumo ni mzuri tu, unajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, namba inakuja kwa meseji, ukifika kwa wakala anaiingiza kwenye simu anaskani mfuko unalipa unabeba. Ila nilipochukulia mimi mtandao ukigoma foleni nzima inasimama na hakuna anayewaambia kitu. Mbele yangu kulikuwa na bibi kafunga hela kwenye pindo la kanga, namba yake iliingia kwenye laini ya mwanae, mwanae yuko Dar na simu haipokelewi, wakala akamwambia tu mama pisha wengine. Iliniuma sana. Daftari la wakulima si liko kijijini jamani, kumpigia mtendaji ni dakika mbili! Halafu mvua za Novemba zimeanza, DAP imeisha imebaki urea, na urea ni ya kukuzia, ya kupandia unaenda kuitoa wapi?

Linalonikera zaidi ni kwamba unapewa mfuko na hakuna hata mmoja anayekuuliza shamba lako likoje. Huku mvua ni nyingi na udongo wa milimani umechoka, una tindikali, na udongo wa hivyo unaing'ang'ania fosforasi mmea hauipati, yaani unaweka DAP na bado unaona majani ya mahindi yanakuwa ya zambarau. Sehemu kama hizo mbolea ya fosfeti ya Minjingu inayochimbwa Manyara inafanya kazi vizuri, na ndani yake ina chokaa. Ulizieni hiyo, au mtafute chokaa ya kilimo kwanza.

Na hata ukipata mbolea sahihi, inakaa wapi? Vilima vyetu vimebaki uchi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hapa jirani ipo tangu 1996, walianza Wakongo, 2015 wakaongezeka Warundi, na hapa simlaumu mkimbizi kabisa, mtu kakimbia risasi na watoto, anapewa unga na kunde, vitaivaje bila kuni? Na sisi wenyeji tunachoma mkaa na kulima mpaka ukingoni mwa mto, tusijifanye hatuoni. Msimu wa 2023/24 ule wa El Niño niliweka urea asubuhi jua linawaka, mchana ikashuka mvua, jioni nakuta mfereji umechimbika wa kufika gotini katikati ya shamba. Wiki mbili mbele mahindi ya jirani kule bondeni yamekoza kijani na yangu ya juu njano tupu. Elfu 70 ile imeteremka na maji. Saivi nimepiga matuta ya kukinga mteremko na kupanda majani ya tembo juu yake, udongo unabaki na ng'ombe wanapata chakula.

Kwa bei natoa nyota tano, kwa wakala mbili, kwa ushauri sioni hata moja ya kutoa, afisa ugani angekaa pale dukani hata siku za soko tu ingebadilisha mengi.

Kama unaenda, nenda mwezi wa tisa kabla foleni haijaanza, na ile namba hakikisha imeingia kwenye laini unayoishika mwenyewe.