TAHADHARI: Diski za breki zilizochongwa zinauzwa kama mpya

Wenye Vitz, IST, Premio, Noah na gari nyingine ndogo, kuweni macho kabla ya kulipia diski za breki. Kuna diski za mtumba zinazopelekwa leti (mashine ya kuchonga chuma) zikachongwa, zikapigwa rangi ya fedha, zikafungwa nailoni na kuingizwa kwenye boksi jipya, kisha zikauzwa kwa bei ya mpya. Mnunuzi anagundua akiwa barabarani: anakanyaga breki kwenye spidi 80, usukani unaanza kumcheza mkononi. Akirudi dukani anaambiwa fundi wake hajui kufunga. Akienda kwa fundi anaambiwa afanye balansi, mara alaimenti, mara beringi. Hela inaisha na mtetemo uko palepale.

Utapeli huu unafanikiwa kwa sababu muuzaji ana pa kujifichia. Ni kweli kwamba hata diski mpya halali ikifungwa vibaya inatetemeka. Kwa hiyo inabidi ujue mambo mawili: kuikamata diski mbovu kaunta, na kumsimamia fundi ili dukani wasiwe na la kukujibu.

Tuanze kaunta. Toa diski kwenye nailoni hapohapo. Muuzaji akikataa usifungue, mwachie mzigo wake.

Diski nyingi za mbele ni matabaka mawili ya chuma yenye matundu katikati ya kupitisha upepo. Humo ndani leti haifiki, na rangi ya kupuliza inaishia mdomoni. Washa tochi ya simu uchungulie. Mpya ndani ni chuma cha kijivu, pengine chenye mafuta mepesi ya kuzuia kutu. Iliyotumika ina kutu ya magamba na vumbi jeusi la pedi (vipande vinavyoibana diski) lililogandia kwenye kona. Chukua kipande cha waya, chokonoa matundu matatu manne, halafu igonge diski taratibu juu ya gazeti. Yakidondoka magamba ya kahawia, hiyo diski imeshatembea, hata ing'ae vipi kwa nje.

Igeuze uangalie ndani ya kofia yake, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, pale inapolalia habu, kitovu kinachobeba gurudumu. Habu huacha alama ya duara, na matundu ya stadi (bolti za habu zinazoshika rimu) hukwaruzwa na nyuzi zake. Diski nyingi za Toyota zina pia matundu mawili madogo yenye nyuzi, ya kuingiza bolti za milimita 8 ili kuisukuma diski ikigoma kutoka. Nyuzi hizo zikiwa zimejaa kutu iliyopakwa rangi juu, huna haja ya ushahidi mwingine. Uso unaosuguliwa usiutegemee sana: mistari ya mzunguko inaweza kuwa ya leti ya mtaani, lakini zipo diski mpya halali zinazomaliziwa hivyohivyo.

Kisha tafuta maandishi MIN TH pembeni au kwenye kofia. Huo ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa milimita. Kwenye gari ndogo, tofauti ya mpya na kikomo mara nyingi ni milimita 2 au 3 tu, kwa mfano diski ya 25 yenye kikomo cha 23. Ukiipima kwa venia (kipimo cha kubana) ukakuta 23.4, unauziwa mabaki. Maandishi yakiwa yamefutwa kwa grenda, iache. Kama duka lina mzani, zipime zote mbili: pea moja ya kiwanda kimoja inatakiwa iwe na uzito ulio karibu sawa. Diski ya kipenyo cha milimita 255 iliyopoteza milimita 2 za unene imepungua karibu nusu kilo, na mzani hauwezi kuficha hilo.

Pedi nazo zina feki zake. Namba ya spea ya Toyota kwa pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na diski za mbele 43512. Chukua namba ya chesesi, tafuta namba kamili ya gari lako kabla hujaenda dukani, ulinganishe na boksi. Bamba la chuma la pedi liwe limenyooka. Weka rula juu yake uone kama mwanga unapita. Ukikwangua pembeni kwa kucha na sehemu inayosugua ikamomonyoka kama udongo mkavu, rudisha.

Hatari haiko kwenye usukani kucheza tu. Diski nyembamba ina chuma kidogo cha kubeba joto. Mteremko kama wa Kitonga, ukiwa na familia na mizigo, unaichemsha haraka, na joto likifika kwenye mafuta ya breki yakachemka, pedali inazama hadi chini. Muuzaji anayepaka rangi diski iliyoisha anajua inakwenda kwenye gari lenye watu.

Sasa kama umeshafunga na gari linatetemeka, usikimbilie kununua kitu kingine. Jiulize kwanza: linatetemeka lini? Likitetemeka hata bila kugusa breki, kwa kawaida shida haiko kwenye diski. Kaangalie tairi, rimu na balansi. Likitetemeka ukishika breki tu, usukani ukicheza ni mbele. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, angalia nyuma, pamoja na dramu. Pedali kugongagonga kwa kasi unapofunga breki kwa nguvu kwenye mchanga ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, ikifanya kazi yake.

Swali la pili ndilo linalotenganisha muuzaji na fundi: mtetemo ulianza siku gani? Ukianza siku ileile, washukiwa ni unene wa diski usiolingana, kutu kwenye habu, au nati zilizokazwa ovyo. Ukianza baada ya kilomita elfu kadhaa, mara nyingi diski ilifungwa ikiwa imelala upande kidogo. Kila mzunguko sehemu ileile inagusa pedi hata hujakanyaga breki, inalika polepole, na mwisho diski inakuwa na sehemu nene na nyembamba. Mafundi wanasema "diski imepinda", lakini mara nyingi haijapinda; imelika kwa kutolingana. Tofauti ya milimita 0.02, kama sehemu ya tano ya unene wa karatasi ya kuandikia, inatosha kuuchezesha usukani. Venia haiaminiki kwa kipimo hicho. Tumia maikromita, pima sehemu 8 kuizunguka diski, milimita 10 kutoka ukingoni, na andika kila namba.

Pima hivyo kabla ya kufunga. Maduka mengi yanasema "spea ikishafungwa hairudi", na namba ulizoandika diski ikiwa bado haijaguswa na pedi ndizo zitakazokutetea.

Upande wa fundi kuna hatua zisizorukwa. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, hasa kuzunguka mashina ya stadi, ambako brashi haifiki vizuri na kutu hubaki. Punje ya kutu hapo inaiinamisha diski, na huko ukingoni hitilafu inakuwa kubwa zaidi. Diski ioshwe mafuta yake. Ibanwe kwa nati zote, kisha iwekwe geji ya mshale, inayoonyesha diski inavyoyumba, na kuzungushwa: kikomo kwa Toyota nyingi ndogo ni milimita 0.05. Ikizidi, isogezwe tundu moja la stadi na kupimwa tena. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Ikigoma kila mahali, pima habu yenyewe na beringi. Pini za kalipa (kibanio kinachoshika pedi) zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, siyo grisi ya beringi. Pini iliyoganda inaacha pedi ikisugua muda wote na kuichoma diski.

Nati zikazwe kwa kuvuka, siyo kwa kuzunguka, hadi Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa stadi za kawaida za Toyota ndogo. Hapa ndipo gereji nyingi zinapoharibu kazi nzuri: mashine ya upepo inakaza nati moja hadi mwisho huku nyingine bado zimelegea, na diski inavutwa upande. Mwambie fundi amalizie kwa mkono, kwa ile spana inayopima nguvu ya kukaza.

Ukitoka gereji, punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika kati ya kila mara. Halafu tembea dakika chache bila kushika breki zipoe. Ukizichemsha na kusimama taa nyekundu mguu ukiwa umekandamiza, pedi inaacha alama yake kwenye diski, na mtetemo unazaliwa hapo.

Kwa aliyeuziwa tayari: tunza boksi, nailoni na risiti ya EFD, piga picha matundu ya ndani na maandishi ya unene. Bidhaa bandia Tanzania zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Muuzaji akikuandikia "diski" tu bila namba ya spea wala neno "mpya", mrudishie aandike upya kabla hujalipa.

Na diski zako za zamani usiziache gereji zikiwa nzima. Zilizoachwa hapo ndizo malighafi ya biashara hii. Kabla hujaondoka, mwambie fundi azipitishie grenda mkato mmoja wa kina kwenye uso unaosuguliwa, pande zote mbili.