Rangi chungu ya kucha: kwa mtu mzima anayetaka kuacha kung'ata

Kichupa cha rangi chungu huwa ndicho kitu cha kwanza anachonunua mtu mzima aliyeamua kuacha kung'ata kucha alizozitafuna tangu utotoni. Uamuzi wetu ni huu: ni bidhaa nzuri na inastahili kununuliwa, ila peke yake haimtoi mtu kwenye tabia ya miaka mingi. Kazi yake ni kumgutusha. Mara nyingi mng'ataji hana habari kuwa kidole kimeshafika mdomoni. Yuko kwenye kitabu, kwenye mpira, anasubiri simu ipigwe, na meno yanaendelea na shughuli yao. Uchungu unamrudisha hapo hapo. Atakachofanya baada ya kugutuka ndicho kitakachoamua kama chupa imefaa au ni hela iliyopotea.

Kiungo kinacholeta uchungu katika chupa nyingi ni denatoniamu benzoeti, inayouzwa viwandani kwa jina la Bitrex. Iligunduliwa Scotland mwaka 1958 na watafiti waliokuwa wakishughulikia dawa za ganzi. Hutajwa kuwa kitu kichungu kuliko vyote vinavyojulikana, na sehemu 10 tu katika milioni zinatosha kumfanya mtu ateme alichoweka mdomoni. Ndiyo maana huchanganywa kwenye spiriti za viwandani na dawa za rejeta, mtu asije akazinywa. Chupa nyingine hutumia sukrosi oktaasetati, ambayo nayo ni chungu ingawa haifikii ukali huo. Lebo ikitaja dondoo ya pilipili badala ya hivi viwili, iache dukani. Pilipili haikai kwenye kucha tu. Mtu akifikicha macho nusu saa baadaye ataikumbuka.

Shubiri ya kujipaka nyumbani ni chungu kweli, lakini haifanyi utando. Ukinawa mara moja imekwisha. Rangi ya dukani ina faida hiyo moja kubwa: uchungu umefungwa ndani ya utando mgumu unaokauka juu ya kucha, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo.

Upakaji ndipo wengi wanapoharibu. Nawa kwa sabuni, kausha vidole kabisa, kisha pitisha pamba yenye asetoni juu ya kila kucha ili mafuta yatoke. Kucha yenye mafuta haishiki rangi. Itabanduka kabla ya jioni. Subiri dakika moja, halafu paka tabaka moja jembamba. Sasa angalia brashi inaishia wapi. Anayejipamba huipitisha juu ya kucha na kuishia hapo, lakini wewe unatakiwa uivushe hadi ukingo wa mbele, pale kucha inapokutana na nyama ya kidole, na uiguse kidogo kwenye ngozi ya pembeni. Meno hayana haja na katikati ya kucha, yanatafuta pembe. Aliyepaka katikati tu atatafuna wiki nzima bila kuonja kitu, kisha atalalamika kuwa bidhaa ni feki. Acha vidole vikauke dakika 3 hadi 5 bila kugusa chochote, ndipo uongeze tabaka la pili kwenye vidole vile ambavyo meno yanavipenda zaidi.

Ngozi iliyochanika isipakwe kabisa. Viyeyushi vya rangi hii huchoma vikali kwenye kidonda na kuchelewesha kupona. Kidole cha namna hiyo kipake mafuta ya mgando, kifunge plasta mpaka ngozi ifunge, na uendelee kupaka rangi vidole vingine.

Ongeza tabaka kila siku au kila baada ya siku 2, kulingana na unavyonawa. Vitakasa mikono vyenye spiriti humaliza uchungu haraka kuliko maji, kwa hiyo anayefanya kazi ya kutakasa mikono kila mara apake kila jioni. Mara moja kwa wiki futa yote kwa asetoni na uanze upya. Ukirundika tabaka juu ya tabaka utando unakuwa mzito na kupasuka, na kile kipande kilichoinuka kinakuwa kitu kipya cha kubandua kwa meno. Futa pia shingo ya chupa kila unapofunga, maana rangi ikigandia hapo kifuniko hakikazi na iliyobaki ndani inakuwa nzito.

Kasoro yake kubwa ni kwamba uchungu haubaki kwenye kucha. Unahamia kwenye mkate, tunda, karanga, hata ukingo wa kikombe. Kunawa kabla ya kula hupunguza tu, hakumalizi. Tumia uma au kijiko pale inapowezekana, na vaa glavu unapokanda unga, la sivyo nyumba nzima itaonja. Wanaovaa lenzi za macho wavae kwanza, wapake rangi baadaye. Wakati wa kuzitoa wanawe kwa sabuni na kutumia ncha ya nyama ya kidole, si kucha. Na kuna watu wanaouzoea uchungu baada ya wiki chache. Hao kuongeza matabaka hakuwasaidii. Kilichowapungukia ni vitu viwili vinavyofuata baada ya kugutuka.

Cha kwanza kati ya hivyo ni tupa ya kucha, na chupa hii isinunuliwe bila tupa. Mtazame mng'ataji kwa makini: kidole gumba kinapapasa kucha za wenzake kimoja kimoja, kinakuta kijipembe kilichochongoka, kinakirudia mara mbili, mara tatu, kisha mkono unapanda mdomoni kwenda kukisawazisha. Jino nalo halisawazishi, linachana, na pale lilipochana panabaki kijipembe kingine. Mzunguko huo haukatiki kwa uchungu peke yake, kwa sababu kijipembe bado kipo. Tupa inakiondoa kwa sekunde chache. Chagua yenye namba 180 hadi 240, zinavyohesabiwa namba za msasa. Namba 80 na 100 ni za kucha bandia, zitaichana kucha yako. Sugua kuelekea upande mmoja, kutoka pembeni kwenda katikati, bila kurudisha nyuma kama msumeno. Moja ikae mfukoni, nyingine kitandani. Vijingozi vinavyochomoza pembeni mwa kucha vikatwe kwa mkasi mdogo karibu na shina. Ukivivuta vinachana hadi kwenye nyama nzima.

Cha pili ni kuupa mkono kazi nyingine. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn walichapisha njia ya kugeuza tabia ambayo bado inatumika: mtu hujifunza kutambua dalili za mwanzo za tabia yake, kisha papo hapo hufanya kitendo kisichowezekana kufanyika pamoja nayo. Kwa mng'ataji kitendo hicho ni kufunga ngumi, au kushika kitu kwa nguvu, kwa dakika 1 hadi 3. Rangi chungu inaingia vizuri hapa, kwa sababu inampa dalili ambayo haikosei. Umeonja, basi ngumi. Baada ya muda ngumi inatangulia kabla kidole hakijafika mdomoni, na hayo ndiyo maendeleo yenyewe, hata kama kucha bado ni fupi.

Usitegemee kuona matokeo haraka. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na kujibadilisha yote kutoka shinani hadi nchani huchukua kama miezi 6. Ya kidole cha kati hukimbia, ya kidole gumba na kidole kidogo huchelewa. Aliyeng'ata kwa miaka ataona kwamba ile sehemu ya waridi chini ya kucha imefupika. Hurudi pole pole kadiri kucha inavyoishikilia tena nyama, ilimradi usichokoe uchafu kwa kitu chenye ncha. Shina la kucha likiwa limeumizwa sana, kucha inaweza kubaki na mifereji ya kudumu, na hilo hakuna chupa inayoliondoa. Watu wengi hurudi nyuma pale ukingo mweupe unapojitokeza, kwa kuwa ni kitu kigeni, kinanasa kwenye nguo, na kidole gumba hakikizoei. Wiki hizo piga tupa kila siku, hata mara mbili.

Watoto wadogo chini ya miaka 3 wasipakwe. Mwenye mzio wa rangi za kucha aachane nayo. Mara nyingi mzio huo hujitokeza kwenye kope au shingo, si vidoleni, na ndiyo maana watu huchelewa kuung'amua. Kidole kilichovimba, kinachopwita au chenye usaha ni mdudu wa kidole, na kinahitaji tabibu kabla ya kitu kingine chochote. Kung'ata hupitisha pia chunjua kutoka kidole kimoja hadi kingine, na mayai ya minyoo hadi mdomoni. Anayeng'ata mpaka damu na hawezi kujizuia hata akiwa macho kabisa amwone mwanasaikolojia. Tangu 2013 DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, umeuweka ung'ataji wa namna hiyo karibu na magonjwa ya fikra na vitendo vinavyojirudia.

Kucha bandia si mbadala mzuri mwanzoni. Kucha fupi mno haina pa kuzishikilia, zinainuka, na unyevu unanasa chini yake.

Ukifika wakati wa kuacha rangi, anza na vidole ambavyo havijaguswa kwa mwezi mzima, kimoja au viwili kwa wiki. Kile kidole kinachokwenda mdomoni kabla ya vyote kiendelee kupakwa mpaka mwisho, na tupa ibaki mfukoni.