Wasambazaji wanapojaza rafu za duka la kambini: uzoefu wangu kama mteja

Nianze na alama zangu kabisa. Mkate, soda na chipsi za pakiti naipa huduma hii ya kujaza rafu nyota 4 kati ya 5. Vyakula vya makopo 3. Maziwa ya unga ya watoto wachanga 2, na hapo ndipo rafu tupu inapoumiza familia ya askari kuliko penginepo popote.

Kwa aliyehamia kambi ya jeshi Marekani karibuni: maduka haya ya vyakula yako chini ya Defense Commissary Agency, shirika la Wizara ya Ulinzi lililoanza kazi 1991, na yapo zaidi ya 200 ndani na nje ya Marekani. Kwenye kaunta unaongezewa asilimia 5 juu ya bei. Fedha hiyo ni ya majengo na vifaa. Haimlipi anayepanga rafu. Kazi ya kupanga imegawanyika. Kuna dereva wa kampuni anayeleta mzigo wake na kuupanga mwenyewe, kuna mtu wa wakala wa kiwanda anayekuja mchana, kuna kikosi cha mkandarasi kinachojaza usiku, halafu kuna wafanyakazi wa duka. Ujira wa watu wa kiwanda unabebwa na kiwanda, kwa hiyo kwa namna moja au nyingine umo kwenye biashara ya bidhaa yenyewe. Mteja ana haki ya kuuliza kazi hiyo inafanywaje.

Mkate unaenda vizuri kwa sababu anayeuleta ndiye anayeupanga na ndiye anayeuondoa. Kampuni nyingi hufunga mifuko kwa vibanio vya rangi, kila rangi na siku yake, hivyo dereva anaona kwa jicho moja mkate upi wa kutoa. Akikuta nafasi tupu, anajua palepale kwamba safari ijayo aongeze.

Makopo ni habari nyingine, na chanzo mara nyingi ni upana wa nafasi. Chukua nyanya za kopo zinazokuja katoni ya 12. Kama nafasi yake kwenye rafu inaingiza makopo 10, kila katoni inayofunguliwa inaacha 2 ya kurudi stoo. Hayo mawili yanawekwa juu ya paleti pamoja na mabaki ya bidhaa nyingine, na baada ya wiki chache stoo imejaa katoni zilizofunguliwa ambazo hakuna anayezipekua. Nafasi inapaswa kubeba angalau katoni moja na nusu, yaani makopo 18. Yakibaki 6 agizo linatoka, katoni nzima ikifika inaingia yote, hakuna kinachorudi nyuma. Kupanua nafasi hiyo maana yake ni kupunguza aina nyingine isiyotoka, na hilo mtu wa wakala hawezi kuliamua peke yake. Ni la msimamizi wa idara na ramani ya rafu, yaani mchoro unaoonyesha kila bidhaa ikae wapi.

Halafu kuna mzigo hewa: kompyuta inasema vipo 12, rafuni hakuna hata kimoja. Mfumo wa kuagiza haujui njaa ya rafu, unaamini hesabu yake, hivyo hauagizi. Sababu zake ni za kawaida. Mzigo umefichwa na paleti nyingine stoo. Kopo limepasuka likatupwa bila kuandikwa. Au keshia kapewa mtindi 6, nusu stroberi nusu vanila, akapitisha wa stroberi mmoja mara sita. Hapo vanila 3 zimeondoka lakini hesabu inasema zipo, na stroberi itaagizwa kupita kiasi. Mpangaji anayevuta bidhaa za jirani kuziba pengo anaongeza tatizo, maana anafuta dalili pekee ambayo msimamizi angeiona akipita. Pengo liachwe wazi, lebo ya bei ibaki inaonekana, liandikwe.

Kitu ambacho maduka ya mtaani hayana ni geti. Mpangaji wa msambazaji si mwajiriwa wa jeshi. Anahitaji kibali cha kuingia kambini, na kikiisha muda anarudishwa getini hata kama lori la mzigo wake limeshashushwa. Ulinzi ukipandishwa daraja, foleni ya magari inakula asubuhi yake yote. Wakala makini huwa na watu wawili wenye vibali hai kwa kila duka na huanza kuhuisha mapema. Asiye makini hutegemea mtu mmoja, na mtu huyo akiugua, rafu yake inalala tupu.

Tarehe nazo zinajulikana. Mshahara wa jeshi hutoka tarehe 1 na 15, na zikiangukia wikiendi au sikukuu unatangulia. Mpangaji anayekuja siku hizohizo anasukumana na matroli. Anayekuja jioni iliyotangulia anawakuta wateja wachache na anamaliza.

Sasa maziwa ya watoto. Familia nyingi changa za askari hutumia WIC, msaada wa serikali wa chakula kwa akina mama na watoto wadogo, unaotaja chapa na ukubwa wa kopo kulingana na mkataba wa jimbo. Kopo hilo likikosekana, mama hawezi kuchukua la pembeni. Sheria ya Marekani inalazimisha kila kopo liwe na tarehe ya mwisho ya kutumika. Mpangaji mwenye haraka anasukuma mapya mbele, ya zamani yanabaki ukutani, kisha siku ya ukaguzi yanaondolewa yote kwa pamoja na rafu inabaki wazi bila agizo lolote njiani. Hili linanikera kwa dhati, kwa sababu dawa yake ni dakika chache: toa yote yaliyomo, soma tarehe chini ya kila kopo, mapya nyuma, ya zamani mbele, yaliyokaribia mwisho mkabidhi msimamizi siku hiyohiyo.

Utaratibu ninaoutaka kwa mpangaji yeyote ni huu: apite njia yote na karatasi kabla ya kugusa katoni, atoe kwanza mabaki ya stoo, ndipo afungue mzigo mpya, kisu kikate juujuu kisichane mifuko ya ndani, kinachobaki kirudi sehemu yenye jina la bidhaa, si paleti yoyote iliyo karibu, na kabla ya kusaini kutoka, mapengo aliyoyaacha yasomwe na mtu wa duka. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na bila hiyo hakuna anayesahihisha hesabu kwenye kompyuta.

Mteja, ukikuta pengo, usiishie kuuliza kama kipo. Piga picha ya lebo ya bei ili tarakimu za msimbopau zisomeke, mwombe mfanyakazi aangalie hesabu ya kwenye kompyuta kisha stoo. Hesabu ikiwa juu na stoo hakuna, mwombe airekebishe. Likijirudia, andika kwenye ICE, mfumo wa maoni wa Wizara ya Ulinzi: taja duka, bidhaa, tarakimu za lebo, siku na saa, na uweke alama kwamba unataka kujibiwa. Maoni ya "rafu ziko tupu" hayamwambii meneja ampigie wakala yupi.