Pedi za kaboni za hita ya kiti: uzoefu wangu, na vipimo vya kufanya kabla hujazinunua

Seti ninayoizungumzia ni zile pedi za kaboni za kufunga kwenye gari lolote: pedi nne kwa viti viwili, swichi mbili zenye hatua ya chini na ya juu, rilei moja (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na nyaya zake. Nimeifunga kwenye Subaru Forester ya mtumba iliyotoka Japani na hita zake, zikiwa zimeshakufa. Kwa Arusha ya Juni na Julai, na kwa dereva anayetakiwa awe Ngorongoro alfajiri, ambako ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hita ya kiti si anasa. Seti inafanya kazi. Lakini hita nyingi ninazozipima hapa mjini, zilizokwisha kuhukumiwa kwamba zimeungua, haziihitaji kabisa.

Dalili zenyewe zinasema mengi. Viti vyote viwili vikigoma kwa pamoja, anzia kwenye fyuzi na rilei. Kikigoma kimoja, tatizo liko kwenye kiti hicho au swichi yake. Taa ya swichi ikiwaka halafu ikajizima baada ya sekunde chache, mara nyingi kontroli (kisanduku kinachoiendesha hita) imeona waya uliokatika na imekataa kupeleka umeme. Egemeo likipata moto na kikalio kikabaki baridi, pedi zimeungwa sambamba na ya chini imekatika. Zingekuwa zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifa zote zinazima. Na kuna magari yasiyowasha hita mpaka injini iwake, kwa hiyo usiwashe ufunguo tu ukatoa hukumu.

Fyuzi ya hita kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 20. Ukiweka mpya nayo ikaungua, kuna waya umechubuka na kugusa bodi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye reli ya kiti. Kuweka ya ampea 30 ili isisumbue ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye sponji unayoikalia.

Ugonjwa mkubwa wa huku uko chini ya kiti. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye soketi, kisha gari linaoshwa kwa presha hadi sakafuni, na matokeo yake ni ule ukoko wa kijani kwenye pini. Lakini kabla hujagusa kitu huko chini: plagi ya njano ni ya eabegi. Usiipime omu (ukinzani wa umeme) hata siku moja, kwa sababu mkondo mdogo wa mita (maltimita) unaweza kuilipua. Kama unachomoa plagi au unatoa kiti, zima gari, ondoa waya hasi wa betri, subiri dakika 10. Usirudishe betri na kuwasha ufunguo kiti kikiwa nje, la sivyo taa ya eabegi itawaka na utahitaji mashine ya kufuta namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari.

Kosa ninaloliona sana ni kupima volti plagi ikiwa imechomolewa. Mita itasoma 12 hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba, kwa kuwa mita yenyewe haivuti mkondo wa maana. Acha plagi mahali pake, ingiza ncha za mita kwa nyuma, washa hita hatua ya juu. Ikishuka hadi volti 5 au 6, kuna mahali umeme unaliwa njiani. (Kontroli inayokata umeme kwa mapigo itafanya namba icheze hata kama kila kitu ni kizima, hivyo soma mwanzoni, kiti kikiwa bado baridi.) Kisha weka ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri na nyekundu kwenye eathi ya hita (waya wake unaofungwa kwenye bodi). Ikizidi volti 0.3, eathi ni mbovu: fungua boliti yake, sugua kutu na rangi hadi chuma king'ae, kaza tena. Hiyo ni kazi ya msasa, si ya seti mpya.

Umeme ukiwa unafika vizuri, sasa zima kila kitu, chomoa plagi ya hita na upime omu. Gusanisha ncha za mita kwanza, maana mita za bei rahisi zina omu 0.3 hadi 0.5 zake zenyewe, na hizo unazitoa. Pedi nzima nyingi husoma omu 1 hadi 6. Mita ikiandika OL, yaani hakuna umeme unaopita, pedi imekatika. Kandamiza kikalio kwa goti huku unatazama namba. Ikirukaruka, waya umekatika nusu, na mara nyingi ni ukingo wa upande wa mlango, unaobanwa kila unapoingia. Sensa ya joto nayo ipime: nyingi ziko karibu na omu 10,000 kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, na ukiifunika kwa kiganja namba inatakiwa ishuke. Isiposhuka, sensa ndiyo mbovu.

Pedi ikiwa imekatika kweli, ndipo seti hii ina maana. Usijaribu kuunga pedi zake kwenye kontroli ya gari, kwani ile inategemea omu na sensa zake. Tumia swichi na rilei za seti. Mita yangu ilisoma karibu ampea 4 kwa kiti, hatua ya juu, injini ikiwaka, yaani kama wati 56. Joto linatosha na linasambaa vizuri kuliko la waya. Pedi yenye mistari ya shaba pembeni na nyuzi za kaboni zilizokatiza kati yake unaweza kuipunguza upande usio na nyaya; ya waya mmoja uliozunguka, ukikata umeiua.

Ninacholalamikia ni vitu vidogo. Gundi inaachia, hivyo pedi inateleza na kujikunja, na palipojikunja ndipo panapoungua. Ongeza gundi ya sponji kingo zote. Kishikio cha fyuzi ni laini mno, nilikitupa. Umeme wa kuamsha rilei chukua kwenye fyuzi inayozimika na ufunguo, sivyo asubuhi utakuta betri imelala. Kiti cha abiria kikiwa na sensa ya uzito, pedi ya kikalio usiiweke juu yake. Kuvua kava mpe fundi kava, hasa la ngozi: zile pete za chuma ukizivuta kwa nguvu zinachana mshono, na kurudisha unahitaji pete mpya na koleo lake.

Boliti za kiti, za spana namba 14 kwa magari mengi ya Kijapani, kaza mwisho kabisa. Kwanza sogeza kiti mbele hadi mwisho, nyuma hadi mwisho, laza egemeo, ukitazama kwa tochi kama kuna waya unaovutika au kupita kwenye reli.