Daftari la maombi la kutafuta mapenzi ya Mungu: ukurasa wa kwanza ndio wenye thamani

Ninalipendekeza daftari hili, na sababu yangu kubwa ni ukurasa mmoja. Kila jambo unaloliombea limetengewa kurasa nne, na juu ya ule wa kwanza kumeandikwa swali: "Mungu amekwisha kusema nini?" Hapo huandiki hisia zako wala ndoto ya jana usiku. Unaandika maandiko yanayokuhusu tayari, kabla hujaanza kuomba uonyeshwe njia.

Mimi ni muuguzi. Niliombwa niwe msimamizi wa zamu za usiku, na nyumbani nina mama mkwe mgonjwa. Nilitaka jibu la neno moja: nikubali au nikatae. Ukurasa ule ulinipeleka 1 Wathesalonike, ambako Paulo anayataja mapenzi ya Mungu waziwazi: kutakaswa kwetu katika 4:3, na kushukuru kwa kila jambo katika 5:18. Nikaongeza Mika 6:8, kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu. Hakuna andiko hapo linalotaja zamu ya usiku. Lakini nilipoandika "rehema" kando ya jina la mama, swali lilibadilika: nani atamgeuza kitandani saa nane ya usiku? Hilo nilipaswa kuzungumza na mume wangu, si kuliombea tu peke yangu. Tulizungumza, wifi yangu akakubali kulala kwetu siku za zamu, nami nikapokea kazi kwa moyo mweupe.

Ukurasa wa pili, wa washauri, una mistari miwili tu. Haitoshi. Mithali 15:22 inasema makusudi huthibitika kwa wingi wa washauri.

Ukurasa wa tatu, wa ishara, ndio unaonisumbua. Unakualika umwekee Mungu sharti kisha usubiri, na mfano uliochapwa ni ngozi ya Gideoni, yule aliyeweka ngozi ya kondoo nje usiku akimwomba Mungu ailoweshe kwa umande iwe ishara. Soma Waamuzi 6 tangu mwanzo. Katika aya ya 14 Gideoni ameshatumwa akawaokoe Israeli, na katika aya ya 36, anapoleta habari ya ngozi, anakiri mwenyewe kwamba Mungu alikwisha kusema. Hakutumia ngozi kuyajua mapenzi ya Mungu. Alikuwa anayajua, ila aliogopa, na Mungu akamvumilia. Mkristo mchanga akiachwa peke yake na ukurasa huu anaweza kukubali posa kwa sababu tu simu iliita kabla ya saa sita. Nimekaa na akina dada kanisani wakilia kwa maamuzi ya namna hiyo, ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

Ule wa nne una visanduku vitatu: ndiyo, hapana, subiri. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake wanakatazwa kulihubiri neno katika jimbo la Asia, wanajaribu kwenda Bithinia wanazuiwa, wanateremka mpaka Troa, na ndipo usiku Paulo anamwona mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Muda wote huo walikuwa safarini. Sioni wangetia alama kwenye kisanduku kipi. Mistari mitupu ingefaa zaidi.

Kila juma linafungwa kwa ukurasa wa kuzipitia siku zake kwa shukrani na toba, desturi iliyo karibu na ile ambayo Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki, aliifundisha katika karne ya 16. Mimi ni Mlutheri na inanifaa sana, hasa asubuhi nikitoka zamu kabla sijalala.

Karatasi ni nzito, wino haupenyi, na daftari linaingia kwenye mfuko wa sare. Ukilinunua kumpa kijana aliyebatizwa karibuni, kaa naye mjaze pamoja jambo la kwanza. Ule ukurasa wa ishara mimi nimeubandika karatasi nyeupe, na sasa ndipo ninapoandika majina ya washauri.