Hita ya maji iliyoharibika katika wiki ya tatu

Mwezi Juni, kusi inapovuma na asubuhi za Shangani hapa Mtwara zinapopoa, nilimnunulia mama yangu, ambaye anasumbuliwa na maumivu ya viungo, hita ya maji ya lita 30 katika duka moja la vifaa vya umeme, kwa dhamana ya mwaka 1. Wiki ya tatu maji yalianza kutoka vuguvugu, kisha swichi kuu ikawa inakata umeme kila hita ilipowashwa. Fundi alipoifungua alinionyesha koili iliyopasuka ganda, maji yameingia hadi kwenye waya. Nilitetemeka, maana mama huoga peke yake.

Nilikwenda dukani mara 4 nikiwa na risiti. Kwanza niliambiwa mhusika hayupo, kisha nisubiri simu ambayo haikupigwa, na hatimaye kijana wa kaunta, bila hata kunitazama, akasema kuwa uharibifu unaotokana na chumvi ya maji haumo katika dhamana, jambo ambalo halikuandikwa popote katika karatasi waliyoigonga muhuri wao wenyewe.

Hadi leo mama anachemshiwa maji kwenye jiko la mkaa, nami bado nadai fedha zangu.