Maji ya mvua: halmashauri au mamlaka ya bonde?

Mvua ikinyesha saa moja mfululizo, wanaoitwa kwanza ni watu wa halmashauri. Wao ndio wanaojua kalavati ipi imeziba kwa chupa na mchanga, na mtaro upi mwenye nyumba ameufunika apate pa kuegesha gari. Vibali vya ujenzi navyo ni vyao, na hapo ndipo nguvu yao halisi ilipo: kila kiwanja kinachosakafiwa humwagia jirani wa bondeni maji mengi zaidi, tena kwa kasi.

Mamlaka ya bonde, yaani ofisi inayosimamia mto na eneo lote linaloumwagia maji, huangalia mto mzima. Mji wa juu ukipanua mitaro yake bila kumuuliza mtu, mafuriko huhamia mji wa chini, na hakuna halmashauri itakayojishtaki. Mamlaka hiyo hupima kina cha mto sehemu kadhaa, hutoa tahadhari, hugawa gharama za bwawa. Udhaifu wake ni umbali. Mtaro ukiziba, mzibuaji wake hafiki leo.

Mimi ningeiachia halmashauri mitaro na vibali, mamlaka ya bonde ishike mito na takwimu. Ugomvi hubaki pale mtaro unapoingia mtoni. Hapo iandikwe wazi ni ofisi ipi inazoa tope.